Tunatembea Kwenda Wapi?

Kuna safari inayotangazwa siku hizi Ulaya na Marekani kwa ajili ya wazazi waliopoteza mimba au mtoto mchanga. Watu wachache wasiofahamiana wanakutana mwanzoni mwa njia, wanapewa kiongozi, kisha wanatembea kwa miguu siku kadhaa. Kila mmoja ana jiwe mfukoni. Mchana wanakwenda kimya. Jioni wanakaa mduara na kusimulia, mmoja baada ya mwingine, kilichowapata. Siku ya mwisho jiwe linaachwa mahali, mshumaa unawashwa, barua kwa mtoto inasomwa kwa sauti. Halafu watu wanakumbatiana na kupanda basi.

Nimesoma maelezo mengi ya safari za namna hii na masimulizi ya waliokwenda. Yanafanana kama insha za mtihani. Siku ya kwanza ni mvua na malengelenge. Siku ya pili kuna mtu asiyetaka kusema. Siku ya tatu anasema. Naeleza hivyo bila dharau, kwa sababu waliokwenda wanasema wamesaidika na mimi sina haki ya kuwabishia. Lakini safari yenye mwanzo, kilele na mwisho uliopangwa ni kazi ya sanaa kwa namna yake, na kazi ya sanaa inaweza kuhakikiwa. Nataka kuisoma hii nikiwa Ufipa, ambako kutembea hakujawahi kuwa tiba iliyolipiwa. Kutembea ni namna ya kufika kliniki.

Tuanze na hadithi zilizowafundisha watu kwamba majonzi yana miguu. Filamu ya The Way (2010), iliyoongozwa na Emilio Estevez na kuigizwa na baba yake, Martin Sheen, inamhusu daktari wa macho wa Marekani ambaye mwanawe amefia kwenye njia ya mahujaji ya Santiago de Compostela. Baba anavaa mkoba wa mwanawe, anachukua majivu yake, anaimaliza njia. Riwaya ya Rachel Joyce, The Unlikely Pilgrimage of Harold Fry (2012), inamhusu mstaafu anayetoka nyumbani kutuma barua na kuishia kutembea kutoka kusini mwa Uingereza mpaka karibu na Uskoti. Polepole tunagundua kwamba hatembei peke yake: anatembea na mwana aliyekufa.

Nazipenda zote mbili. Lakini angalia nani anatembea na kwa ajili ya nani. Ni baba, na aliyekufa ni mtu mzima. Ni mwana mwenye sura, mwenye mkoba, mwenye ugomvi na baba yake ambao haukumalizika. Msafiri ana cha kubeba na ana cha kujutia. Aliyepoteza mimba ya miezi mitano hana mkoba wa mtu. Hana hata picha. Ugomvi waliokuwa nao ni kichefuchefu cha asubuhi. Nadhani ndiyo sababu waandaaji wa safari hizi wanampa jiwe: ni kifaa cha jukwaani, kinachoshika nafasi ya mzigo ambao mikono iliutarajia na haukuja. Njiani Santiago, mahali paitwapo Cruz de Ferro, kuna msalaba wa chuma juu ya rundo kubwa la mawe yaliyoachwa na mahujaji, kwa hiyo desturi yenyewe ina mizizi. Hata hivyo kuna tofauti kati ya jiwe ulilochagua mwenyewe na jiwe ulilogawiwa pamoja na ratiba.

Kuna mwendo mwingine, na wengi wetu tuliusoma shuleni bila kuuona. Katika Things Fall Apart, au Shujaa Okonkwo kwa wale waliokisoma kwa Kiswahili, Ekwefi amezaa watoto kumi na kuzika tisa. Usiku mmoja kuhani Chielo anakuja, anambeba Ezinma mgongoni, yule mmoja aliyebaki, na kutokomea naye gizani. Ekwefi hakuruhusiwa kufuata. Anafuata. Anakwenda nyuma ya sauti ya kuhani mpaka kijiji cha mbali kuliko vyote na kurudi mpaka kwenye pango la mungu, bila kujua atafanya nini akifika. Ghafla anatokea mtu na panga: Okonkwo, mwanamume aliyetumia maisha yake yote akiogopa kuonekana laini. Baadaye msimulizi anatuambia, kama kwa kupitia tu, kwamba hiyo ilikuwa mara ya nne kwa Okonkwo kwenda pale usiku ule.

Hapo hakuna mduara, wala anayeombwa aseme anajisikiaje. Wanasimama kwenye mdomo wa pango na kungoja. Sijasoma katika fasihi ya Afrika mwendo wa wazazi waliofiwa unaozidi huu, na Achebe hakuuita hija. Vichanga tisa wanaonekana katika miguu ya Ekwefi, kwa jinsi asivyoweza kubaki nyumbani. Tena wako katika ile mara ya nne ya Okonkwo, ambayo hakumwambia mtu.

Lakini mfano wa zamani unaoikaribia zaidi hija ya leo unatoka Ulaya yenyewe, na ni wa kutisha. Tangu mwishoni mwa Zama za Kati, katika Ufaransa, Uswisi na nchi jirani, wazazi wa mtoto aliyezaliwa mfu, au jirani zao kwa niaba yao, walimbeba maiti kwa miguu mpaka kwenye makanisa fulani yaliyosifika kwa muujiza mmoja: mtoto huzinduka kwa dakika chache tu, zinazotosha kumbatiza, kisha hufa tena. Huko Oberbüren, Uswisi, askofu wa Konstanz aliandika kwa malalamiko katika karne ya 15 jinsi mambo yalivyofanyika. Mwili ulipashwa joto kati ya makaa na mishumaa, unyoya ukawekwa juu ya midomo, na unyoya ukitikisika, mtoto amepumua. Anabatizwa, anazikwa. Matengenezo ya Kiprotestanti yalipofika huko mwaka 1528, kituo kikafungwa. Katika miaka ya 1990 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapo mifupa ya vijusi na vichanga wapatao 250. Roma nayo ililaani desturi hiyo katika karne ya 18, lakini watu waliendelea kuja.

Unaweza kucheka habari ya unyoya. Mimi sikuweza. Wale wazazi hawakutembea ili wajisikie vizuri. Mafundisho ya wakati wao yalisema mtoto asiyebatizwa hawezi kuingia mbinguni, hubaki pembezoni, katika limbo, na mwili wake hauingii kwenye makaburi ya Wakristo. Walikwenda kutafuta jibu mahali palipokuwa na jibu. Mwisho wa njia kulikuwa na kitu kinachobadilika: kabla ya kufika mtoto si wa mtu yeyote, baada ya kufika ana jina na ana kaburi. Ukiweka safari ya jiwe na barua karibu na hii, unaona kilichopungua. Safari ya leo ina njia nzuri na wenzako wema. Inakoelekea ni pazuri kwa macho tu, na hakuna kinachosubiri huko ambacho hukuwa nacho asubuhi.

Kwa Mfipa hii si historia ya mbali. Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na askofu Mfaransa, Lavigerie. Mwaka 1885 walikuwa tayari Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka ukanda ule wa ziwa wakapanda mpaka nyanda za juu za Ufipa. Walikuja na katekisimu, shule, mbegu, na pia na limbo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1239, ilimnyima mazishi ya Kanisa aliyekufa bila ubatizo. Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu kutoa kibali cha mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano ikaandika kwamba kuna sababu za kutumaini wokovu wa watoto hawa. Vizuri. Lakini bibi zetu walizaa chini ya kanuni ya 1917, na mafundisho yakiingia kwenye mikono ya wakunga hayatoki kwa waraka mmoja.

Mwanahistoria Kathleen Smythe ameandika kitabu kizima, Fipa Families (2006), kuhusu uzazi na uinjilishaji huko Nkansi kati ya 1880 na 1960. Ni kitabu kinachostahili kusomwa na kila Mfipa aliyepitia shule ya misheni, hasa kwa sababu kinakataa kuwafanya wazazi wa zamani mabwege waliotoa watoto wao kwa mapadre bila kufikiri. Kwa hoja ninayoifuata, hata hivyo, tatizo liko kwenye kumbukumbu zenyewe ambazo mwanahistoria yeyote wa misheni lazima azitegemee. Daftari la ubatizo linaanza na ubatizo. Aliyefika kabla ya maji hana mstari.

Kiswahili nacho kina daftari lake. Tunasema mimba imeharibika, kama maziwa. Tunasema imetoka, na herufi moja tu inaitenganisha na kuitoa, kwa hiyo mwanamke aliyepata msiba anaanza kwa kujitetea. Tuna methali tunayoipenda, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, ambayo nimeisikia ikisemwa kwa furaha na watu ambao hawajawahi kufikiria inamwambia nini mwenye mimba bila mwana. Siku hizi vijana tunarudia kwa Kiswahili wazo tulilolikuta kwenye Kiingereza, kwamba mwanamke aliyefiwa na mume ni mjane, mtoto aliyefiwa na wazazi ni yatima, lakini mzazi aliyefiwa na mtoto hana neno. Kwa Kiingereza huenda ni kweli. Sisi neno tunalo, la wote: mfiwa. Mfiwa anaandaliwa turubai, daftari la rambirambi, chungu cha chai, watu wa kulala naye matanga. Kwa hiyo kilio cha kukosa neno tumekiazima bila kukipima. Swali la kwetu ni nani anaruhusiwa kuitwa hivyo, maana kwa kichanga cha saa mbili turubai halifungwi.

Na kunyamaza huku kuna sababu zake. Rachel Haws na wenzake walifanya utafiti kusini mwa Tanzania na kuuchapisha mwaka 2010. Waliona kwamba wanawake huficha kuharibika kwa mimba na vifo vya siku za mwanzo, kwa sababu habari hiyo ikishika miguu inaweza kurudi kama umbea, wivu au tuhuma. Kufichwa huko kunaharibu hata takwimu za taifa, kwani mhoji hujibiwa kile ambacho jirani naye angejibiwa. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha vifo 24 vya watoto wa chini ya mwezi mmoja kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Ukikumbuka Haws, unaisoma namba hiyo kama sauti ya waliokubali kusema. Sasa fikiria hali hiyo katika mji ambao jina lake wenyeji wengi hulitafsiri kuwa tupa uchawi. Nchi nzima inaitania Sumbawanga kwa uchawi, na utani huo una mtu anayeulipia: mwanamke ambaye mimba ya tatu imetoka, akijua kinachoulizwa kisimani.

Hapo ndipo ninapokubali kwamba mduara una kazi. Nchini Kenya Wanjiru Kihusa, aliyepoteza mimba na kulisema hadharani, alianzisha Still A Mum, shirika linalowakutanisha wazazi wa aina hii na kuwapa ushauri. Jina la shirika ni hoja tosha: bado ni mama. Tarehe 15 Oktoba kila mwaka watu wengi duniani huwasha mshumaa saa moja jioni kwa ajili ya watoto hawa, na Nairobi huwasha pia. Mtu akiniambia hayo ni mambo ya kuiga kutoka nje, nitamjibu kwamba limbo nayo ilitoka nje na hatukuilalamikia hivyo.

Lakini dada yangu alinikwamisha kwa swali moja. Miaka minne iliyopita alijifungua kwa upasuaji mtoto mfu wa miezi minane. Alipokuwa bado wodini, mama mkwe wake na wanawake wawili walimchukua mtoto, wakarudi naye kijijini, upande wa Msanzi, wakazika. Ndivyo ifanyikavyo katika sehemu nyingi za nchi hii: kichanga huzikwa na wanawake, haraka, karibu na nyumbani, bila mama yake. Aliporuhusiwa kutoka aliambiwa, “Tumeshamaliza, mwanangu. Pumzika.” Lilisemwa kwa upendo. Hakuna aliyemwonyesha mahali. Baadaye alizaa binti, akaitwa Faraja, na tangu hapo dada ni Mama Faraja kwa watu wote. Kwetu mama huchukua jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye anaitikia jina la wa pili.

Nilimtumia mojawapo ya yale masimulizi ya hija za Ulaya, nikidhani atayapenda. Akanipigia jioni. “Nimesoma, mdogo wangu. Pazuri. Sasa sisi tunatembea kwenda wapi?”

Kila nililokuwa nimeandika kichwani kuhusu jiwe na jukwaa likawa dogo mbele ya swali hilo. Yeye si mtu wa Oberbüren, haamini unyoya. Lakini anataka kile walichokitaka wao, mahali ambapo kuna kitu. Nilijaribu kumtajia Maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, mahali ambapo mwandaaji yeyote mwenye akili angefikishia msafara wake. Akacheka. “Huko ni kutalii.”

Nikamtajia Namugongo. Hapo alinyamaza kidogo. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, maelfu ya watu hutembea kwenda Namugongo, Uganda, wengine kwa siku nyingi na kuvuka mipaka, kwa heshima ya Mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887. Wengi wa wale Wakatoliki 22 walipata imani yao kutoka kwa Mapadre Weupe hao hao waliokuja Karema, kwa hiyo Mfipa hajihisi mgeni pale. Kitu ninachokiheshimu katika hija hiyo ni nia. Kila anayetembea ana nia yake, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza ni nini. Mwanamke anaweza kulia kilomita mia mbili mbele za watu na wote wakajua analia kwa ajili ya kitu fulani, basi. Kwa mtu anayeogopa umbea, huo ni ulinzi ambao mduara wa jioni hauwezi kuutoa. Analia wazi na siri inabaki yake. Kama kuna mtu anayefikiria kuanzisha matembezi ya wazazi hawa hapa Rukwa (na nimesikia vijana wakilizungumza wazo hilo), ningemshauri aanzie kwenye nia kabla ya kuleta viti vya mduara. Kalenda ya Kanisa tayari ina tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, waliouawa na Herode kabla hawajajua kusema. Parokia inaweza kuwatembeza watu siku hiyo bila kumtaka yeyote aeleze kwa nini amekuja.

Kwa wanaotaka kusema, sawa, wawepo wa kuwasikiliza. Kinachonisumbua ni muundo unaolazimisha kilele, ule wa siku ya tatu, ambapo asiyesema anakuwa mwanafunzi aliyefeli. Na baba? Katika masimulizi niliyosoma, akina baba hutembea nyuma wakibeba maji. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku nyingine 84 za likizo yenye malipo mtoto akifa ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, mwajiriwa hupata angalau siku 4, na hapo ndipo baba anapoangukia. Mkulima wa matuta ya Ufipa, mama au baba, hana mwajiri wa kumwomba hata moja. Shemeji yangu alirudi shambani siku ya pili. Sijui kama alikwenda mara nne mahali popote usiku, na sitamuuliza.

Baada ya Namugongo, dada alisema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyenyamaza miaka minne. Alisema hataki kwenda mbali. Mwenye kujua njia yupo, yuko hai, anaishi nyumba ya tatu kutoka kisimani. Ndiye aliyeshika jembe. Watayarishaji wa hija za majonzi huwafundisha viongozi wao kusikiliza, kuvumilia kimya, kutambua dalili za mtu anayezidiwa. Hayo yote ni mema, lakini hakuna kozi inayomfanya mtu ajue chini ya mti gani. Katika vijiji vyetu kuna wanawake wazee wengi wanaojua chini ya mti gani, wa watoto wengi, wasioulizwa. Wakiondoka, ramani hiyo inaondoka nao.

Kwa hiyo dada alimuuliza. Alinisimulia kwa simu, kwa kifupi, kama mtu anayesoma risiti. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuacha. Baada ya muda akasema, “Nilidhani hutaki kujua, mwanangu. Ungeniuliza tangu zamani.” Kisha akasema magoti yake hayafiki mbali siku hizi, ila huko si mbali. Wangoje mahindi yavunwe, maana sasa hivi hapapitiki.

Itakuwa Julai, basi, wakati wa ule upepo wa Ufipa unaopasua midomo. Faraja ataachwa kwa jirani. Shemeji amesema anakwenda pia, na akauliza abebe nini. Mama mkwe amemwambia abebe fyekeo, majani yatakuwa yameota.